Rayyan, Rayani au Layani? Jina la mtoto na ulimi wa Kanda ya Ziwa

Kila sifa njema ni ya Allah (s.w.), aliyemuumba mwanadamu na kumfundisha kubainisha, na akajaalia kutofautiana kwa ndimi zetu kuwa ni miongoni mwa ishara zake. Rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad (s.a.w.), jamaa zake na maswahaba zake. Ama baad.

Katika miaka ya karibuni jina Rayyan limeanza kusikika katika madrasa na misikiti ya Mwanza na miji ya kando ya ziwa. Halikuwa jina la wazee wetu. Wao waliwaita watoto Ramadhani, Rajabu, Shabani, Juma, Mwajuma na Hadija. Jina hili limetujia kwa njia nyingi: kwa darsa za mwezi wa Ramadhani, kwa simu za mkononi, kwa habari za mtoto Rayan wa Morocco aliyetumbukia kisimani na kufariki Februari 2022, na kwa matangazo ya Kombe la Dunia la mwaka huohuo, lililochezwa pia katika mji wa Ar-Rayyan nchini Qatar.

Pamoja na jina umekuja mzozo. Mama humwita mwanawe Rayyan, bibi wa Kisukuma humwita Layani, na mwalimu wa shule huandika Ryan. Hapo hutokea mtu wa elimu akasema kwamba jina likishatamkwa Layani si jina tena, limekuwa sauti tupu isiyo na maana, na mzazi hana budi kulibadili. Wako wanaozidisha wakataka akika irudiwe. Kauli hizi zimewatia wazazi unyonge, na zimewafanya baadhi ya wazee waogope kuwaita wajukuu zao kwa majina yao.

Makala hii inaihakiki kauli hiyo. Tunaona kuwa imechukua hukumu ya mahali pengine na kuiweka mahali pasipo pake, na kwamba imemkamata bibi kizee asiye na kosa ikawaacha wenye makosa ya kweli.

Asili ya jina na ruhusa yake

Rayyan ni neno la Kiarabu kwa wizani wa fa'laan, nalo linatokana na riyy, yaani kunywa hadi kiu ikakatika. Kinyume chake ni 'atshaan, mwenye kiu. Mtu rayyan ni aliyekatwa kiu, na mti rayyan ni ulioshiba maji. Bukhari na Muslim wamepokea kwa Sahl bin Sa'd (r.a.) kwamba Mtume (s.a.w.) ameeleza kuwa Peponi kuna mlango uitwao Rayyan, wataingia kwa mlango huo wafungaji siku ya Kiyama, hataingia asiyekuwa wao, na wakishaingia utafungwa. Ibn Hajar, aliyefariki mwaka 852 Hijria, ameeleza katika sherehe yake ya Sahih Bukhari kwamba jina la mlango limeafikiana na hali ya watu wake: waliovumilia kiu kwa ajili ya Mola wao wanaingia kwa mlango wa kukatwa kiu.

Asili ya majina ni kuruhusika mpaka ije dalili ya kukataza. Anayetaka kulipinga jina hili anaweza kuleta hadithi ya Samura bin Jundub (r.a.) katika Sahih Muslim, inayokataza kuwaita vijana majina kama Rabah, Yasar, Najih na Aflah, kwa sababu mtu akiuliza kama yupo na akajibiwa kuwa hayupo, wasikilizaji hupata fali mbaya. Je, Rayyan haliingii humo? Jawabu ni kwamba Imam Nawawi, aliyefariki mwaka 676 Hijria, amelichukulia katazo hilo kuwa ni makuruhu na si haramu. Tena Muslim huyohuyo amepokea kwa Jabir (r.a.) kwamba Mtume (s.a.w.) alikusudia kuyakataza majina ya namna hiyo, kisha akanyamaza mpaka akafariki. Na Ibn Umar (r.a.) alikuwa na mtumwa aliyemwacha huru, mpokezi mashuhuri wa hadithi, ambaye jina lake ni Nafi', na maana yake ni mwenye kunufaisha.

Wala si jina geni kwa wanadamu. Wafasiri wengi wa Qur'an wamemtaja mfalme wa Misri wa zama za Nabii Yusuf (a.s.) kwa jina la Rayyan bin al-Walid. Habari hiyo haikusihi kutoka kwa Mtume (s.a.w.), nasi hatuijengei hukumu. Inatosha kutuonyesha kwamba masikio ya wanazuoni wa kale hayakushtuka kusikia mtu akiitwa hivyo.

Maana za kupachika

Kosa la kwanza linalostahili kukemewa si la ulimi. Ni la orodha za majina zinazozunguka katika simu, zisizo na mwandishi wala marejeo. Nyingi zinamwambia mzazi kuwa Rayyan maana yake ni mfalme, au mfalme mdogo. Maana hiyo haikutoka katika lugha ya Kiarabu. Ryan ni jina la ukoo la watu wa Ireland, na ndilo linaloelezwa hivyo katika vitabu vya majina vya Wazungu. Majina haya mawili yamekutana katika sauti, lakini hayana shina moja. Mwalimu wa shule aliyelizoea jina la Ryan Giggs, mchezaji wa Manchester United aliyestaafu mwaka 2014, akiambiwa Rayyan huandika alilolizoea. Naye hana hila, ila mtoto ametoka na jina lisilokuwa lake.

Orodha hizohizo humletea mzazi majina kama Alayna na Laraib kwa madai kuwa ni majina ya Qur'an. La kwanza ni neno 'alaynaa, yaani juu yetu. La pili limekatwa kutoka laa rayba, yaani hapana shaka. Ni vipande vya sentensi. Neno kuwemo ndani ya Qur'an hakulifanyi kuwa jina zuri la mtoto, kwani Firauni na Abu Lahab pia wametajwa humo. Mzazi anayetaka jina jipya amuulize mtu mwenye kujua Kiarabu kabla ya siku ya saba, asingoje mpaka mtoto aanze shule.

Ulimi wa ziwa si wa jana

Majina ya Kiislamu hayakuletwa ziwani na simu. Njia ya misafara kutoka pwani ilipitia Tabora ikaja mpaka ukingo wa maji. Mwaka 1844 tayari Uislamu ulikuwa umefika barazani kwa Kabaka Suna wa Buganda. Mwaka 1875 Stanley alipofika Kagehi, kwenye Ghuba ya Speke, alimkuta mfanyabiashara Mwislamu aliyeitwa Songoro. Reli kutoka Tabora ilipofika Mwanza mwaka 1928, watu wa pwani, Wanyamwezi, Wamanyema na wengineo walizidi kuja, na majina yao yakaja nao.

Majina hayo yalipokelewa na ndimi zilizokuwepo. Kisukuma hakina sauti ya r katika maneno yake ya asili, basi Ramadhani likawa Lamazani na Rajabu likawa Lajabu. Ng'ambo ya ziwa, Luganda halianzi neno kwa r, na huko pia utamsikia Lamazani. Hakuna aliyewaambia wazee hao kuwa hawana majina. Waliitwa hivyo, wakaozesha kwa majina hayo, wakarithiana kwa majina hayo, na wakasaliwa jeneza kwa majina hayo.

Tena tuitazame shadda, kwani wengine wanasema kosa kubwa katika Rayyan ni kuiangusha shadda ya y. Kiswahili hakina mazoea ya kukaza herufi namna hiyo. Jina la Mtume wetu (s.a.w.) lina shadda juu ya mim ya pili, nasi tunawaita watoto Mohamedi bila ya shadda. Abbas tunamwita Abasi. Kinyume chake, jina la mjukuu wa Mtume (s.a.w.) ni Hasan, halina shadda, nasi tunaliandika Hassan kwa s mbili, ilhali Hassaan mwenye shadda ni jina lingine, ndilo la mshairi wa Mtume, Hassaan bin Thabit (r.a.). Ikiwa kuanguka kwa shadda kunabatilisha jina, basi kina Mohamedi wote wa mwambao huu hawana majina. Hakuna mwanachuoni atakayethubutu kusema hivyo, na hukumu isiyoweza kusemwa kwa Mohamedi haifai kusemwa kwa Rayani.

Hukumu ya Fatiha imehamishwa

Ukali huu umetoka wapi? Kwa tunavyoona, umetoka katika mlango wa Sala. Katika madhehebu ya Imam Shafi, yanayofuatwa na wengi wetu Afrika Mashariki, Fatiha ina shadda 14 pamoja na za Bismillahi, na kuacha moja kwa mwenye kuweza ni kuharibu kisomo. Nawawi katika Minhaj amemtaja asiyeisoma Fatiha kwa usahihi, miongoni mwao ni al-althagh, mwenye kubadili herufi kwa herufi nyingine. Kwa kauli yenye nguvu, mtu huyo hawi imamu wa anayesoma sawasawa. Mwanafunzi anayeyasoma haya kisha akamsikia bibi akisema Layani, hudhani ameipata mas'ala yake.

Lakini aisome mas'ala mpaka mwisho. Huyo mwenye kubadili herufi, kama ameshindwa kujifunza, Sala yake mwenyewe ni sahihi, na inasihi kumfuata aliye mfano wake. Yaani hata ndani ya nguzo ya Sala, mbele ya maneno ya Allah yenyewe, ulimi ulioshindwa umepewa udhuru. Bukhari na Muslim wamepokea kwa Bibi Aisha (r.a.) kwamba anayesoma Qur'an kwa kugugumia na kutaabika ana ujira mara mbili. Tirmidhi amepokea kwa Ubayy bin Ka'b (r.a.) kwamba Mtume (s.a.w.) alimweleza Jibril kuwa ametumwa kwa umma wenye kikongwe na mzee, kijana na binti, na mtu asiyewahi kusoma kitabu, ndipo akaambiwa kuwa Qur'an imeteremshwa kwa herufi saba. Kikongwe ametajwa kwa kuhurumiwa. Vipi leo atajwe kwa kulaumiwa, tena kwa jina la mjukuu wake, ambalo si Qur'an wala si nguzo ya Sala?

Hapa tutahadhari na jambo moja. Wapo wanaowatetea wazee kwa kisa cha Bilal (r.a.), kwamba alikuwa akitamka sin mahali pa shin katika adhana, na kwamba sin yake mbele ya Allah ni shin. Maneno hayo hayana asili, kama alivyosema Ibn Kathir. Lililothibiti ni kwamba Bilal alichaguliwa kwa uzuri wa sauti yake. Haki haihitaji kutetewa kwa hadithi zisizo na msingi.

Majina ndani ya visomo

Mwenye kuhifadhi Qur'an anajua kwamba majina ya kigeni yalipoingia katika ulimi wa Waarabu hayakubaki kama yalivyotamkwa na wenyewe. Na katika visomo vilivyopokewa, jina moja limekuja kwa sura zaidi ya moja. Sisi kwa riwaya ya Hafs tunasoma Jibriil. Ibn Kathir al-Makki, mmoja wa wasomaji saba, amesoma Jabriil. Hamza na Kisai wamesoma Jabra'iil. Katika aya ya 98 ya Suratul Baqara sisi tunasoma Mikaal, na wengine Mika'iil. Hisham, kwa kisomo cha Ibn Amir, anasoma Ibraahaam katika mahali 33 badala ya Ibraahiim. Visomo ni wahyi wenye kupokewa, nasi hatusemi kuwa Layani ni kisomo. Tunalosema ni kwamba mwenye jina hakupotea kwa kutofautiana matamshi: Malaika ni yuleyule, na Nabii ni yuleyule.

Na katika mazungumzo ya kila siku, Mtume (s.a.w.) alimwita Bibi Aisha kwa kufupisha, Aaish, kama walivyopokea Bukhari na Muslim. Kazi ya jina ni kumtambulisha mtu. Anapoitwa akaitika, na watu wakajua ni nani, kazi imetimia.

Hata tukikubali kipimo cha wapinzani wetu, kwamba lazima sauti iwe na maana kwa Kiarabu, bado hoja yao haisimami. Layaan ni neno la Kiarabu. Maana yake ni ulaini na raha ya maisha, na neno letu la Kiswahili laini limetoka katika shina hilohilo. Bibi aliyeambiwa kuwa ameharibu jina amemwombea mjukuu wake maisha laini pasipo kujua.

Makosa yanayostahili ukali

Hatusemi kuwa matamshi hayana uzito wowote. Wenye kauli ile wana haki katika asili ya jambo: maana huchukuliwa na herufi, na mtoto ana haki ya jina jema. Ila wawekeze nguvu zao panapostahili, na mahali hapo ni patatu.

La kwanza ni majina yenye maana mbaya kwa makusudi. Katika Kanda ya Ziwa tuna watoto wanaoitwa Shida, Tabu, Mateso na Masumbuko, na wengi katika hao ni Waislamu. Mtume (s.a.w.) alimbadili Asiya, yaani mwenye kuasi, akamwita Jamila, kama alivyopokea Muslim. Alimtaka babu yake Said bin al-Musayyib aliyeitwa Hazn, yaani mgumu, awe Sahl, yaani mwepesi. Akakataa, na Said akasimulia kwamba ugumu ulibaki kwao, kama ilivyo katika Sahih Bukhari. Huu ndio mlango wa kubadili majina katika Sunna, nao ni mlango wa maana. Ajabu ni mwalimu anayempita Mateso bila kusema neno, akasimama kwa Layani. Kwa kipimo hikihiki, aliyesilimu akiwa na jina la Kisukuma lenye maana njema hahitaji kulitupa. Mabula ni jina la aliyezaliwa wakati wa mvua, na mvua na kukatwa kiu ni ndugu.

La pili ni majina ya uja. Abdulrahmani hukatwa likabaki Rahmani, na hilo ni jina la Allah peke yake, haliitwi kiumbe. Rahimu na Karimu ni mepesi zaidi, kwani sifa hizo hutumika pia kwa wanadamu, na Allah amemsifu Mtume wake kwa rahimu katika aya ya 128 ya Suratut Tawba. Na wengine hukata upande wa pili, wakamwita mtoto Abdul tu, yaani mja wa, pasipo kutaja mja wa nani.

La tatu ni matamshi yanayogeuza maana ya jina la Allah kwa mtu awezaye kujifunza. Abdulkhaaliq ni mja wa Muumba. Kwa h nyepesi na k husikika kama haalik, na maana yake ni mwenye kuangamia. Kikongwe ana udhuru wake. Ama kijana wa madrasa, baba yake na imamu wa msikiti, hao wafundishwe na wajifunze.

Akika, cheti na heshima ya mtoto

Kuhusu kurudia akika, hatujui dalili yake. Akika ni ya mtoto, haikuchinjwa kwa ajili ya herufi. Samura bin Jundub (r.a.) amepokea kwamba mtoto huchinjiwa siku ya saba, akanyolewa na kupewa jina. Na Mtume (s.a.w.) alimwita mwanawe Ibrahim usiku aliozaliwa, kama alivyopokea Muslim kwa Anas (r.a.). Kwa hiyo jina na mnyama havifungamani hata kimoja kibatilike kwa kingine. Mtume (s.a.w.) alibadili majina ya watu wengi, wala haikupokewa kwamba alimwamuru yeyote kuchinja tena. Kumtwika mzazi wa Igoma au Nansio mbuzi wawili wengine kwa sababu ya r na l ni kumlazimisha asilolazimishwa na sharia.

Ama hadithi ya Abu Dardaa (r.a.), isemayo kwamba watu wataitwa siku ya Kiyama kwa majina yao na ya baba zao, basi wayafanye mazuri, ameipokea Abu Daud, na wanazuoni wa hadithi wametaja kuwa sanadi yake imekatika. Maana ya kuchagua jina zuri ni sahihi kwa dalili nyingine. Lakini kumtisha mama kwamba mwanawe hataitika siku hiyo kwa sababu bibi alisema Layani ni kuongeza jambo ambalo hata hiyo hadithi haikulisema. Allah anawajua waja wake.

Panapohitaji juhudi ni kwenye maandishi, kwani hapo hakuna udhuru wa ulimi. Watoto wa chini ya miaka mitano huandikishwa na kupewa cheti cha kuzaliwa bila malipo, katika vituo vya tiba na ofisi za kata, chini ya mpango wa RITA. Baba asimwachie muuguzi kubahatisha. Aende na jina limeandikwa kwenye karatasi, herufi kwa herufi, R-A-Y-Y-A-N, na alikague kabla ya kuondoka. Kosa la cheti hufuata shule, mtihani, kitambulisho na mirathi, na kulisahihisha baadaye ni safari na gharama. Imamu anayehudhuria akika anaweza kuliandika jina kwa Kiarabu na kwa herufi za kawaida, akampa mzazi. Kazi hiyo ya dakika mbili ina manufaa kuliko mahubiri marefu ya kuwakaripia wazee.

Na mwalimu wa madrasa amfundishe mtoto mwenyewe kulitamka jina lake na kujua maana yake. Mtoto aliyefunzwa atalitamka sawasawa, naye atamwitikia bibi yake kwa adabu anapomwita Layani. Wanaomcheka mtoto au bibi kwa tamko hilo waisome aya ya 11 ya Suratul Hujurat, inayokataza watu kudharauliana na kuitana majina ya kejeli. Dhambi iliyo wazi haifai kufanywa kwa kisingizio cha kusahihisha kisicho dhambi.

Kwa muhtasari, ndugu msomaji: Rayyan ni jina jema lenye asili njema. Mwenye kuweza kulitamka kwa shadda yake na alitamke, na mwenye kuliandika aliandike sawasawa. Asiyeweza ana udhuru, na mtoto anayeitwa Layani na bibi yake ana jina, ana akika, na ana haki zote za mtoto wa Kiislamu. Ukali wetu tuuelekeze kwa Mateso, kwa Rahmani na kwa orodha zisizo na mwenyewe.

Wallahu a'lam.